Walihamisha Kila Kitu Isipokuwa Swali

Watu wanaojua kusema vizuri nimewaona wengi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi katika Baraza la Mkataba, pale Paris, na kazi yangu ilikuwa kuandika waliyosema. Lakini kwa kusema vizuri bila kusema kitu, sijamwona wa kumfikia Balozi Thibault de Sérignac.

Baraza lenyewe lilikuwa la wabunge wa nchi kumi. Walichaguliwa na mabunge ya kwao, wakakutana Paris mara mbili kwa mwaka, na mkataba uliwapa jambo moja tu la maana: kuwauliza mawaziri kwa maandishi kuhusu majeshi ambayo nchi zetu ziliyatuma kwa pamoja. Mawaziri walilazimika kujibu. Basi. Baraza halikuwa na askari hata mmoja, na lisingeweza kumfukuza kazi bawabu wake lenyewe. Lilikuwa na swali. Wengi wa wajumbe hata hilo hawakulitumia. Walifika asubuhi, wakatia sahihi kitabu cha mahudhurio, wakaenda kununua viatu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Weydert kutoka Luxemburg, aliongoza vikao kama mtu anayesubiri kuletewa supu.

Aliyelitumia ni Seneta Ersilia Comuzzi. Alitoka Udine, umri wake miaka sabini na mmoja, na kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hesabu. Barua za mawaziri alizisahihisha kwa penseli nyekundu. Miaka mitano kabla ya haya ninayosimulia, boti ya doria ya nchi zetu ilipinduka kwenye mto Danubi, na kijana mmoja wa jimboni kwake, Nevio Londero, akazama. Mama yake aliambiwa mwanawe hakuvaa jaketi la kuokolea maisha; yaani alijitakia. Ersilia akauliza: majaketi yale yalikaguliwa lini? Jibu la kwanza lilisema mawaziri wanaomboleza. La pili lilisema usalama wa askari ndio kipaumbele. Akauliza mara ya tatu, akaambatanisha majibu yote mawili yakiwa yamepigwa mistari myekundu kama daftari la mtoto mtoro. Ndipo ikajulikana kwamba Nevio alikuwa amevaa jaketi lake, na jaketi lilikuwa limeoza. Mama yule alikuwa amebisha hodi kwenye ofisi sita, na zote sita zilimpa pole. Karatasi ya Ersilia peke yake ndiyo iliyompa jibu.

Basi vuli ya mwaka 2000 mawaziri wakaamua kazi zote za ulinzi zihamie Brussels, ziwe chini ya Umoja wa Ulaya. Uamuzi wenyewe sikuuona mbaya. Vyombo viwili vya kufanya kazi moja ni upuuzi. Balozi de Sérignac akapewa kuandika hati ya kuhamisha, naye akatuletea kurasa arobaini na moja. Kila kitu kilikuwemo: makamanda, ramani, picha za setilaiti, mashine za kunakili, hata viango vya makoti sitini na vinne. Ersilia aliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu kwenye kamati akanyoosha mkono.

"Balozi, nimetafuta haki ya kuuliza. Sijaiona. Iko ukurasa gani?"

Balozi akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la daktari wa meno. "Seneta mpendwa, Brussels kuna Bunge tayari."

"Lipo. Ila kwenye mambo ya majeshi halina meno. Na mabunge ya kwetu, kila moja likiuliza litaambiwa, 'hii ni kazi ya pamoja, waulize wenzenu.' Sasa nani atajibu?"

"Hati inahifadhi moyo wa usimamizi wa kibunge."

"Moyo! Moyo umeutundika wapi, Balozi? Kwenye viango vya makoti?"

Watu wakacheka. Balozi naye akacheka, meno nje, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilikuwa karibu, nikaona alichokiandika. Alikuwa amechora mashua.

Ersilia akaandika marekebisho ya sentensi moja: kazi yoyote ya kijeshi ikihamia Brussels, wajibu wa kujibu maswali ya wabunge wa nchi zilizotuma askari utahama nayo, na jibu litasainiwa na mkuu wa ofisi husika. Kwa kuwa hati isingekamilika bila kura ya Baraza, Balozi hakuweza kulipuuza jambo hilo. Alihitaji lizimwe bila kelele. Kwa hiyo siku ya kupiga kura, saa mbili asubuhi, akanialika mkahawani.

Aliagiza maji ya moto yenye majani, akayakoroga muda mrefu.

"Bi Moerman," akasema, "Seneta wetu ni mtu mzima, tumheshimu. Marekebisho yake yapite. Ila kuna neno moja linawasumbua mawaziri. 'Kujibu.' Ni neno kali, la mahakamani. Tukiweka 'kutoa taarifa', maana ni ileile."

"Maana si ileile, Balozi."

"Kwako wewe uliyebobea, labda." Akanisogezea kikombe changu kana kwamba ni yeye aliyenipikia kahawa ile. "Hivi, orodha ya wafanyakazi wanaohamia Brussels umeiona? Nafasi kumi na saba. Kumi na sita zimejaa."

Mimi ni mtu wa Ghent. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, sina mume, nina mama mgonjwa, na Brussels ni nusu saa kwa treni hadi kitandani kwake. Nayasema haya kueleza tu, si kujitetea. Nilimdharau mtu yule kuanzia unyayo hadi utosi. Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na nilirudi ofisini nikafuta "kujibu", nikaandika "kutoa taarifa", nikachapa nakala mia na ishirini. Ilinichukua dakika nne.

Saa nne Ersilia akaja mezani kwangu na nakala mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya lile neno.

"Lieve, mwanangu. Mpiga chapa kakosea hapa."

Ningeweza kusema ndiyo. Ersilia alikuwa ameniwekea mlango wazi, nipite na aibu yangu.

"Hajakosea mtu," nikasema. "Ni mimi."

"Nani kakuambia?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani. Alitazama kidogo dirishani, kule mvua ilikokuwa inanyesha, kisha akanitazama mimi.

"Wale wengine," akasema, "niliwadharau tangu siku ya kwanza, na sikupoteza usingizi. Wewe nilikuwa bado. Umeniongezea kazi uzeeni."

Akaiweka nakala mezani kwa utaratibu, akaondoka. Angenizaba kofi ningeshukuru.

Kisha nikawasha mashine tena. Nikarudisha "kujibu", nikachapa upya zote mia na ishirini, nikashuka ukumbini mwenyewe, nikazigawa meza kwa meza na kuzikusanya zile za kwanza. Nilipofika mlangoni, Balozi alikuwa amesimama na nakala mpya.

"Bi Moerman, umekosea kuchapa."

"Nilikosea asubuhi. Hii ndiyo sahihi."

"Fikiria vizuri. Mama yako hajambo?"

"Mama yangu alisafisha sakafu za watu kama wewe miaka thelathini, Balozi. Ananiuliza kila Jumapili kama bado mnachafua. Nitamwambia ndiyo."

Hakukasirika. Watu wa namna ile hawakasiriki; hasira ni jasho, nao hawatoki jasho. Alimwendea Mwenyekiti Weydert, akamnong'oneza, na Weydert akatangaza kwamba kura imeharakishwa, itakuwa saa sita mchana badala ya saa tisa.

Nilielewa mara moja. Saa sita ndiyo saa ambayo Balozi mwenyewe alikuwa amewaalika wajumbe wote chakula cha mchana, kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya barabara. Tangu saa tano na nusu walikuwa wameanza kuchuruzika mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kupiga simu. Waliotia sahihi asubuhi walikuwa sabini na wawili. Saa sita kasoro dakika tano nilihesabu waliobaki ukumbini: kumi na wanne. Tisa kati yao walikuwa marafiki wa Balozi, wamekaa pamoja mstari wa tatu, hawana njaa hata kidogo.

Nikamwendea Ersilia. Alikuwa anachonga penseli yake, hakuinua uso.

"Mama, omba kura ya majina," nikamwambia. "Kanuni ya thelathini na tatu. Mjumbe mmoja akiomba, Mwenyekiti hana hiari. Kila jina linaitwa, na asiyeitika anaandikwa 'hayupo'. Orodha inapelekwa bungeni kwao leo leo, na magazeti ya kwao huipata."

"Naijua kanuni. Nao wanaujua mlo. Nani atawaambia?"

"Mimi."

Sasa akainua uso. "Vaa koti, mvua inanyesha."

Sikuvaa. Nilivuka barabara mbio, nikaingia mgahawani nimelowa chapachapa, viatu vinalia. Nimeona mengi katika kazi yangu, lakini picha ile haijanitoka: watunga sheria wa nchi kumi za Ulaya, leso zimefungwa shingoni kama watoto wanaolishwa uji, wanafyonza chaza kutoka kwenye magamba. Mmoja alikuwa anaeleza kwa sauti jinsi Baraza lisivyo na nguvu siku hizi.

Nikapiga makofi. "Waheshimiwa! Kura ya majina saa sita kamili. Atakayekuwa hayupo, mpiga kura wake atasoma kwamba hayupo."

"Kura ya nini?" akauliza mmoja, chaza mkononi.

"Ya kama mawaziri wataendelea kukujibu ukiwauliza."

"Kwani tulikuwa tunawauliza?"

"Wewe, hapana," nikasema. "Lakini jina lako linaanza na B."

Hakuna hotuba juu ya demokrasia iliyowahi kuwainua vitini kwa kasi ile. Walikimbia. Walivuka barabara kwenye mvua wakipigana vikumbo, magari yakiwapigia honi. Mmoja alisahau leso shingoni akaingia nayo ukumbini. Karani msaidizi alikuwa ameshaita majina manne. Weydert alipowaona wanamiminika alimtazama Balozi kama mtu aliyeuziwa samaki waliooza, naye Balozi akatazama dari.

Waliitwa, wakaitika. Wengi hawakujua wanapigia kura nini. Nilimsikia mmoja akimuuliza jirani yake, "Tunasema nini?" na jirani akamjibu, "Angalia yule bibi." Yule bibi alikuwa amesimama, wima kama rula, na kila jina lilipoitwa alimgeukia mwenye jina akamkazia macho, vilevile alivyowakazia wanafunzi wa Udine waliokuja bila kufanya hesabu za nyumbani. Waliokubali hamsini na watatu. Waliokataa tisa. Wengine hawakufika, bila shaka chaza walikuwa watamu.

Neno likapita. "Kujibu", jinsi lilivyoandikwa. Ningependa kusema haki ilishinda kwa sababu watu waliamka. Hawakuamka. Iliokolewa na watu wenye midomo bado inatafuna, wanaoogopa gazeti la mjini kwao kuliko wanavyoogopa dhamiri. Nilimwambia Ersilia hivyo wakati tunashuka ngazi.

"Kura haina harufu," akasema. "Hesabu inatoka. Inatosha."

Kuhusu asubuhi ile hakusema tena neno, wala mimi sikuthubutu. Lakini kuanzia siku hiyo alipokuja Paris alikaa meza nyingine, akaniita Bi Moerman. Miezi mingi ilipita kabla hajaniita tena mwanangu.

Nafasi ya kumi na saba alipewa mpwa wa mtu. Kazi zilipohamia Brussels mimi nilirudi Ghent, nikapata kazi ya kutunza nyaraka za halmashauri ya mji. Mama yangu aliishi miaka mitatu zaidi, na nilikuwepo.

Na Balozi? Watu kama yeye hawaanguki; wanabadilisha ghorofa. Alifanywa mkuu wa ofisi ile mpya kule Brussels. Kwenye sherehe ya kumpokea alitoa hotuba ndefu akisifu usimamizi wa kibunge, akisema yeye binafsi aliupigania.

Mwaka uliofuata, siku moja mchana, simu ikalia ofisini kwangu.

"Mwanangu," sauti ikasema. "Nimeuliza swali la kwanza. Kikosi kilichoko kusini, dawa zao za hospitali. Siku ya mwisho kabisa ya muda wao wa kujibu, jibu limekuja. Mistari minne, hamna kitu ndani."

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Kasaini nani? Mkuu wa ofisi, kwa mkono wake. Thibault de Sérignac, jina zima, na tarehe." Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi upande wa pili. "Sasa nyamaza kidogo, naandika la pili."