Fundi wa Milango Miwili

Binti alimpeleka baba yake, seremala mstaafu, kwenye sinema ya kifahari yenye viti vya ngozi vinavyolala kama kitanda. Mzee alivaa suti yake ya harusi, ingawa vifungo vilikuwa vimegoma kufunga.

Filamu ilieleza jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyoishi pamoja katika mji wao. Ukaonekana mlango wa msikiti, kisha wa kanisa la jirani. Msimulizi akasema, "Milango hii miwili ilichongwa na fundi mmoja, ila jina lake halijulikani."

"Halijulikani vipi, na mimi nipo hapa?" Mzee alisimama.

"Baba, keti, watu wanatutazama."

"Waache watazame, mwanangu. Kazi ile ilinila miaka miwili."

Mama mmoja aliyekaa mbele yao akageuka. "Kumbe ni wewe, mzee wangu? Mimi nilipita mlango ule wa kanisa nikiwa bibi harusi!"

Akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukajiunga naye. Binti akasimama naye, akapaza sauti: "Huyu ni baba yangu!"