Chungu Kifudifudi Mlangoni

Hodi ilipigwa mara ya pili, na Tusekile akaendelea kukamua kitambaa kana kwamba hakusikia. Mgeni mwingine! Tangu asubuhi wamekuja wa kanisani, wakaja wa ukoo, wakaja majirani wa ng'ambo ya kijito, na kila kundi lilikaa, likaguna, likala. Ameishiwa ndizi, ameishiwa kuni, na sasa alikuwa karibu kuishiwa adabu.

"Hodi hapa," sauti ikasema tena. "Mvua inatunyeshea, mimi na vyungu vyangu."

"Ingia basi. Mlango haujafungwa," Tusekile akajibu bila kugeuka.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo. Alitua tenga lake polepole, akapapasa chungu kimoja kimoja kuona kama kuna kilichovunjika. Kwa vyungu vile tu ungejua ni Mkisi, mfinyanzi wa pwani ya mashariki, ambako milima inashuka hadi ndani ya ziwa. Wenzake hufika bandari ya Mwaya kwa mitumbwi, kisha hupita nyumba kwa nyumba wakibadilishana: chukua chungu, nipe mahindi yanayokijaza. Jina lake, alisema, ni Neli.

"Ugonile," akasalimu kwa Kinyakyusa. Umelala?

Ndiyo salamu ya nchi ile, na hakuna anayesubiri jibu lake.

"Ndaga," akajibu Tusekile.

"Nimekuuliza, mwanangu, sikukusalimu. Macho yako ni kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi mwaka mzima. Umelala?"

Tusekile akageuka. Tangu mama mkwe wake aletwe katika nyumba hii, watu wote waliuliza habari za mgonjwa. Amekula? Ametulia? Donda linasemaje? Wengine walimfundisha dawa, wengine walimfundisha sala, na mmoja alimfundisha namna ya kufagia. Hakuna aliyeuliza habari zake.

"Sijalala," akasema, na sauti ikapasuka. "Sijalala tangu mvua za kwanza. Naosha donda, nafua vitambaa, nateka maji, nalima, napika, halafu wanakuja kumpa pole mgonjwa, na mimi nawapikia hao wanaotoa pole! Mume wangu Eliud amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani, sijui yuko wapi. Daktari wa misheni ameangalia titi la mama akasema tumechelewa, kwamba kwao ugonjwa huu unaitwa kaa, kama yule wa majini, kwa sababu unatambaa na kung'ang'ania. Akatupa vitambaa safi. Basi! Kaa ni wake, vitambaa ni vyangu."

Nyuma ya ukuta wa mianzi, upande wa kulala, mgonjwa alikohoa. Tusekile akajiziba mdomo.

"Sema, mwanangu," mama mkwe wake, Elizabeti, akaita kwa sauti nyembamba. "Usemayo ni kweli. Mimi mwenyewe nimechoshwa na titi hili."

Neli alikuwa akitazama pembeni, penye jiwe la kusagia. Palikuwa na kifurushi cha kaniki kilichofungwa vizuri.

"Unasafiri?" akauliza kwa sauti ya chini.

Tusekile akakisukuma nyuma ya jiwe. Alikuwa amekifunga jana. Kabla jua halijapanda kesho angekuwa njiani kwenda kwa mama yake mzazi kule Ngana, na nani angemlaumu? Wote wangemlaumu, bila shaka. Lakini wangemlaumu huku yeye amelala usingizi.

"Sawa," Neli akasema. "Ila kabla hujasafiri, nieleze jambo moja. Yuko mzee ameketi pale migombani, analowa kama kuku. Kakumbatia kibuyu. Nimemsalimu, akaniuliza mgonjwa ameamkaje. Ni nani?"

Tusekile akavuta nguo yake kichwani upesi, kana kwamba mtu huyo angemwona kupitia ukutani. "Ni yule mzee wa ng'ambo."

Jina lake ni Ambilikile, lakini Tusekile hakuwahi kulitamka. Alikuwa baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, haongei naye, wala hakai naye chini ya paa moja. Akimwona njiani, huingia porini mpaka apite. Ndiyo sababu vijana hujenga kijiji chao na wazee hubaki chao, kijito kikiwa katikati. Elizabeti hakuwa na binti wa kumwuguza, akaletwa huku kwa mkwe. Mumewe akabaki kule na ng'ombe wake.

"Amemtupa mkewe," Tusekile akanong'ona kwa uchungu. "Analeta maziwa, anampa yeyote apitaye, anaondoka. Hajaingia hata siku moja."

Neli akatoka nje, akaingia mvuani. Tusekile akasogea kwenye ukuta akatega sikio.

"Mzee, mbona unalowa?"

"Ndani yuko mkwe."

"Na mkeo?"

"Naye yuko ndani."

"Basi unasubiri yupi afe kwanza, ndipo uingie?"

Kisha sauti nzito, ambayo Tusekile aliizoea kwa mbali tu, ikajibu taratibu. "Mama, wewe u mgeni. Nikiingia, binti yule lazima akimbie. Ataacha chungu motoni, atamwacha mgonjwa amefunguliwa donda, atakwenda kusimama mvuani. Nimwongezee taabu hiyo? Ameshabeba ya kumtosha. Nimeona heshima niliyo nayo ni kukaa mbali."

Tusekile aliteleza ukutani hadi akaketi chini. Miezi yote hiyo! Yeye humu ndani akimlaani kimoyomoyo, mzee yule nje akilowa kwa ajili ya kumpunguzia kazi. Na mama katikati, akitazama mlango kila ng'ombe walipolia ng'ambo. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Zaidi ya yote alitaka kumpiga mtu, ila hakujua ampige nani.

Neli akarudi baada ya kusemezana zaidi na mzee, maji yakimtiririka. Alichagua chungu chenye ufa mdomoni, akakifudikiza mlangoni, kitako juu.

"Hiki hakuna atakayekichukua, nawaachia. Sikiliza, mwanangu. Chungu kikikaa kifudifudi hivi, maana yake wewe umetoka, yeye aingie. Akitoka yeye, anakisimamisha, nawe unarudi. Hamtaonana wala kusemezana. Kuna mila iliyovunjika?"

"Hakuna," Tusekile akakiri. "Lakini mwanamume ataosha donda?"

"Anasema amewahi kuosha kwato za ng'ombe zilizooza. Nitakaa leo nimwonyeshe. Na ameahidi: kila chungu kikifudikizwa, hatatoka mpaka ng'ombe warudi jioni. Wewe nawe utaniahidi jambo."

"Lipi?"

"Kulala. Si kulima, si kuteka maji. Kulala."

Tusekile akaahidi. Alifungua kifurushi chake, akatoa kaniki ya juu, akaenda nayo migombani. Mvua ilikuwa imekatika. Kwa mbali alimsikia Elizabeti akisema, "Kumbe bado una miguu, baba Eliud?" na mzee akajibu kitu, na mama mkwe wake akacheka kicheko ambacho Tusekile alikuwa amekisahau.

Asubuhi Neli alishika njia yake kwenda kupanda mtumbwi. Kifurushi hakikufungwa tena.

Usidhani mambo yakawa laini. Siku za mwanzo Tusekile hakulala. Alichukua jembe kwa siri akalima maharage, kisha akakasirika kwa nini bado amechoka. Na watu nao! Angetile, kiongozi wa akina mama wa kanisani, alimkuta akitoka, akakiangalia chungu, akasonya.

"Mwanamume mzima anaosha titi la mkewe kama mtoto mchanga! Kijiji kizima kinacheka."

"Wakimaliza kucheka waje na kuni," Tusekile akajibu.

"Tusekile! Huyu mwanamke wa vyungu amekuharibu."

"Nawe njoo na kuni, mama."

Angetile aliondoka amenuna. Lakini alipokuja tena, kichwani alikuwa na mzigo wa kuni, akautua kwa kishindo ili kila mtu ajue bado amekasirika. Tusekile alimshukuru, "ndaga fijo," kwa moyo wote, akafudikiza chungu, akaenda kulala kweli.

Donda halikupona, wala hawakudanganyana kwamba litapona. Ila Elizabeti aliacha kutazama mlango.

Hata siku moja ya kiangazi pembe ikalia ng'ambo ya kijito. Wajerumani walikuwa wakichimba barabara kutoka ziwani kwenda milimani, na msimamizi wao alipita vijijini kukusanya watu. Amri yake ilijulikana: mwanamume wa kila nyumba ajitokeze pembe inapolia, asiyejitokeza, ng'ombe wake mmoja anachukuliwa. Wazee walizoea kujitokeza, wakahesabiwa, wakarudishwa nyumbani. Ilitosha kuonekana.

Tusekile aliisikia pembe akiwa juu ya kaniki yake. Alisubiri kusikia mzee akifungua mlango. Haukulia. Baadaye wakatokea kwenye njia ya ng'ambo vijana wawili wa msimamizi, wakimvuta kwa kamba ng'ombe mwenye paji jeupe. Kila mtu alimjua ng'ombe yule. Mzee alimpenda kuliko wote. Alikuwa akimwimbia wakati wa kumkamua.

Tusekile akaruka, akakimbia hadi nyuma ya nyumba. Hapo akakwama. Amwiteje mtu ambaye jina lake halitamki? Akaweka mdomo kwenye mianzi.

"Mama! Ee mama! Wanamchukua paji jeupe! Sema huko ndani!"

Kisha sauti nzito: "Mke wangu, mwambie huyo anayesema na ukuta kwamba nimesikia. Pembe niliisikia kabla yake."

"Amesikia," Elizabeti akasema.

"Basi mwambie akimbie! Bado hawajavuka kijito! Akionekana tu watamwachia!"

"Mwambie nimeshafungua donda. Mikono yangu imo kwenye maji."

"Nitamalizia mimi! Mwambie atoke, mimi niingie!"

"Mwambie mpango ulikuwa ng'ombe warudi jioni. Jua bado liko juu."

Tusekile akapiga ukuta kwa kiganja. Hajapata kuona ukaidi wa namna hii! "Mwambie ng'ombe wake harudi! Anaondoka, hatarudi!"

"Mwambie wengine watarudi," mzee akasema. "Nilisema ng'ombe warudi. Sikusema wote."

"Nyinyi wawili," Elizabeti akasema, "mtaniua kabla ya titi."

Tusekile akazunguka hadi mlangoni, nguo ikimfunika uso. Chungu kilikuwa palepale, kitako juu, ufa wake umegusa chini. Angekisimamisha tu, mzee angelazimika kutoka. Alikishika. Kilikuwa na joto la jua. Ndani maji yalimwagika taratibu katika bakuli, na Elizabeti akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeoshwa na mkono anaoujua.

"Mke wangu," mzee akasema, "kama kuna mtu mlangoni, mwambie naye aliahidi kitu."

Tusekile akakiachia chungu.

Alirudi migombani akiwa amefura kwa hasira: kwa msimamizi, kwa barabara, kwa kaa na kucha zake, kwa mzee mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Alijitupa juu ya kaniki. Kule chini kwenye kijito ng'ombe wa paji jeupe alilia, akalia tena akiwa mbali zaidi, kisha hakusikika. Tusekile alijifunika uso, akayafumba kwa nguvu macho yaliyojaa machozi, na kwa kuwa aliahidi, akalala.