Furu wa Chumba cha Nyuma

Umeme ulikatika Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na Eufrasia alijua kwa masikio. Nyumba yao ya Bariadi haikuwahi kuwa kimya. Pampu zilipuliza hewa kwenye matangi tisa ya vioo siku nzima, na mapovu yalichemka kule nyuma hata wageni wakauliza kama kuna sufuria imesahaulika jikoni. Mapovu yalipokoma, aliacha mguu wake juu ya pedeli ya cherehani, akasubiri. Betri ikashika. Mapovu yakaanza tena, na yeye akaendelea kushona.

Samaki hawakuwa wake. Walikuwa wa mumewe, Januarius, afisa uvuvi mstaafu, mzaliwa wa Nassa, kando ya ziwa. Chumba kile cha nyuma Eufrasia aliahidiwa kiwe cha kushonea, siku walipopiga bati. Badala yake yeye alishonea sebuleni, na huko nyuma wakaishi gapi wenye mikia ya rangi, samaki bapa wenye mistari walioagizwa kutoka Dar es Salaam, na katika tangi kubwa la ukutani, furu kumi na wanane, samaki wadogo wa ziwani.

Watu waliokuja kununua gapi walicheka wakiwaona furu. Furu ni kitoweo cha asiye na sangara. Nani anamwekea furu pampu? Januarius hakucheka nao. Hawa weusi wenye pezi jekundu, alisema, mababu zao aliwachambua kwa mkono wake kwenye nyavu za dagaa pale Nassa, miaka ishirini iliyopita. Tangu siku hiyo hajawaona tena katika mtumbwi wa mtu yeyote.

Siku umeme ulipokatika, Januarius alikuwa Mwanza kwa binti yao, Winnie, akisubiri kuondolewa mtoto wa jicho. Mwezi wa saba alikuwa amekwenda kwa kazi hiyohiyo na madaktari wakamrudisha, presha iko juu. Safari hii Winnie alimnyima chumvi, akamlaza mapema, na akampigia mama yake simu.

"Mama, mpaka apasuliwe, asisikie habari ya kumtikisa. Hata kuku akifa, usimwambie."

"Nimesikia."

"Na habari za samaki, ndiyo kabisa."

Januarius mwenyewe, kabla ya kuondoka, alimwachia maelekezo akiwa amesimama mlangoni na begi begani. Chakula, kiasi cha vidole viwili vinapokutana. Taa, zizimwe jioni. Umeme ukikatika, betri inabeba muda wa saa nne. "Na siku hizi haukatiki kupita hapo," alisema, akaenda zake.

Betri ilibeba muda wa saa mbili na nusu tu. Saa tano kasoro ilianza kulia, kilio kifupi kila baada ya dakika, kisha ikanyamaza. Eufrasia alitoka uani. Jirani yake Rehana, mwenye duka la vinywaji, alikuwa anarudi nyumbani na ufunguo mkononi, buibui limekunjwa hadi kwenye kiwiko kwa joto.

"Shikamoo, mama Winnie."

"Marahaba. Umesikia lolote la umeme?"

"Upepo wa jana umelaza nguzo. Tatu, wanasema. Fundi mmoja kapita dukani, kasema jioni, Mungu akipenda."

Jioni. Eufrasia alirudi ndani akitembea upesi kuliko alivyotaka.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, na chumba kile kilikuwa na dirisha moja. Bati lilikuwa limeshaanza kulia kwa jua. Alitia mkono kwenye tangi la kwanza: maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Gapi walikuwa wamepanda juu wote, vinywa vikifumbua na kufumba kwenye ngozi ya maji. Aliwahi kumsikia Januarius akimwambia mteja kwamba maji ya moto hayashiki hewa, na kwamba samaki hufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji tele. Wakati ule alikuwa anapima kola ya shati na hakujali. Sasa alijali.

Alichukua jagi la plastiki. Akachota kwenye tangi, akainua mkono juu, akamimina polepole maji yaanguke na kubeba hewa. Mara ishirini. Akaenda tangi la pili. Mara ishirini. Alipofika la tisa, wa la kwanza walikuwa wamepanda juu tena. Akaanza upya. Kanga ililowa, akaifunga upya, ikalowa tena. Alifungua dirisha, akalifunga kwa sababu ya vumbi, akalifungua. Alibeba mabeseni yote ya nyumba, hata la kufulia, akahamishia humo nusu ya gapi, kwa sababu beseni ni pana na hewa inaingilia juu. Alikuwa anazungumza peke yake kwa Kisukuma, maneno ambayo mama yake aliwaambia ndama wagonjwa.

Kati ya mizunguko alijikuta amesimama mbele ya furu. Jike mmoja alikuwa amevimba koo. Alijua maana yake, hata yeye: furu hubeba mayai yake mdomoni, hali chochote mpaka watoto watoke. Jike huyo hakupanda juu na wenzake. Alikaa chini kwenye kona, mdomo umefungwa, mapezi ya pembeni yakienda mbio. Eufrasia alimtazama muda mrefu kuliko alivyopaswa, kisha akakimbilia jagi.

Saa sita na nusu simu ililia. Winnie.

"Mama, anaingia saa nane. Presha nzuri kabisa. Anataka kukusikia."

Sauti ya Januarius ilikuja, ya mtu aliyelazwa chali. "Mama Winnie. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe?"

"Mimi mzima. Mbona unahema?"

"Nilikuwa nafagia."

"Umeme upo?"

Aliangalia mabeseni. Aliangalia jagi. Kulikuwa na swali alilotaka kumuuliza, hakujua hata lilikuwa swali gani. Alitaka tu aseme, nifanyeje, na yeye amjibu, kama alivyozoea.

"Upo," alisema.

"Na furu?"

"Wapo. Lala, baba Winnie. Usiongee sana."

Alikata simu akaiweka juu ya kabati, mbali, kama kitu kinachoweza kumuuma.

Saa nane Rehana aliingia bila kubisha, amebeba ndoo ya chupa za maji yaliyoganda. "Friza inayeyuka, mama. Yatageuka maji tu. Zitakufaa?"

Eufrasia alitaka kulia lakini hakukuwa na nafasi. Walitia chupa mbili mbili kwenye kila tangi, zikaelea. Rehana akavua viatu, akachukua sufuria ndogo, akaanza kumimina upande wa pili wa chumba. Hakuuliza kwa nini mtu mzima anahangaika hivi kwa furu. Mara moja tu alisema, "Mzee ameshaingia?"

"Anaingia sasa hivi."

"Basi tumimine."

Walimimina. Saa tisa Rehana alikwenda kuswali akarudi. Samaki wawili wenye mistari walikufa, na gapi kama kumi. Furu wote kumi na wanane walikuwa hai, na jike wa kwenye kona bado amefunga mdomo.

Saa kumi na moja kasoro taa ya sebuleni iliwaka. Kutoka nyumba za jirani zilisikika kelele za furaha na redio ya mtu. Eufrasia alisubiri dakika kumi, kwa sababu umeme unaporudi huwa na fujo, kisha akawasha swichi moja baada ya nyingine. Mapovu yakapanda. Mwisho akawasha chujio la tangi kubwa, lile pipa lililofungwa lenye mabomba mawili, lililokaa chini ya meza. Likaunguruma, likaanza kuvuta. Rehana alikwenda kufungua duka. Eufrasia alikaa kwenye kiti cha jikoni na bakuli la michembe, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga.

Winnie alipiga tena. Alitoka na simu uani ili asikie vizuri. Imekwenda salama. Jicho limefungwa, anasinzia, daktari amefurahi. Walizungumza robo saa, labda zaidi. Eufrasia alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Aliporudi ndani kulikuwa na harufu ya yai lililooza.

Alidhani ni jikoni. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaona maji ya tangi kubwa yamepata ukungu wa kijivu, na furu wamelala ubavu. Wengine walikuwa wanazunguka, tumbo juu. Alichomoa waya wa chujio ukutani kwa kuuvuta wenyewe, akachukua ndoo, akamimina humo maji ya mtungi wa kunywa, akaingiza mikono yote miwili tangini na kuwatoa aliowakuta. Hakutumia wavu. Aliwashika kwa viganja, mmoja mmoja, akawatia kwenye ndoo.

Saba walipona. Kumi na mmoja aliwapanga kwenye gazeti. Jike aliyekuwa kwenye kona alikuwa miongoni mwao, na pembeni ya mdomo wake uliokuwa wazi kulikuwa na mayai manne ya manjano.

Siku tatu zilizofuata Eufrasia hakuweza kukaa. Alianza kushona sketi mbili za shule akaziacha zote bila pindo. Simu ikilia, alitoka nje kabla ya kupokea. Samaki wazima? Januarius aliuliza. Wazima. Aliwazika wale kumi na mmoja chini ya mgomba, kisha akajilaumu kwamba labda angewahifadhi barafuni ili Januarius awaone.

Januarius alirudi Ijumaa mchana na gari la Kristofa, mpangaji wao wa zamani aliyekuwa anatoka Mwanza. Bandeji ilikuwa imeondolewa, amevaa miwani nyeusi. Eufrasia alimpokea getini, akashika begi lake, na hakumruhusu apite.

"Mwangaluka, mayu," Januarius alitania kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa asubuhi ilishapita.

"Subiri. Usiingie kwanza. Jumanne nilikudanganya. Umeme haukuwepo, toka asubuhi mpaka saa kumi na moja. Furu kumi na mmoja wamekufa."

Kristofa aligeukia gari lake akajifanya anatafuta kitu.

"Wamekufa wakati gani?" Januarius aliuliza.

"Umeme uliporudi. Niliwasha chujio, wakafa."

Januarius alitikisa kichwa mara moja, akapita, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Hakula mchana. Jumamosi alisema maneno manne, yote kuhusu dawa ya macho. Jumapili baada ya misa alimwita. Alikuwa amelitoa pipa la chujio uani, amelifungua, na sponji ziko kwenye beseni.

"Njoo uone."

Maji yalikuwa meusi. Alimweleza bila kumtazama: kwenye sponji wanaishi vijidudu wasioonekana, ndio wanaosafisha uchafu wa samaki. Maji yakisimama saa nyingi ndani ya pipa lililofungwa, wanakufa, wanaoza, na pipa linageuka sumu. Umeme ukirudi, unalifungua, unaliosha, ndipo unawasha.

"Neno moja tu, mama Winnie. Ungeniuliza ningekwambia, osha."

"Neno hilo ningekuuliza saa ngapi? Wamekuvalisha gauni la hospitali?"

"Presha ni yangu."

"Na mume ni wangu."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Rehana, aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya ukuta, aliacha kubana vibanio. Januarius alivua miwani. Jicho lile lililopasuliwa lilikuwa jekundu, lakini lilimwona, na Eufrasia akagundua kwamba ni miaka miwili tangu mume wake amtazame bila kukunja uso.

"Kosa langu mimi," Januarius alisema. "Nilikwambia habari ya saa nne, nikakuachia betri iliyochoka na pipa ambalo sikulieleza. Nilidhani nikikueleza mengi utakataa kubaki nao."

"Ningekataa," Eufrasia alisema. Ilikuwa kweli.

Waliosha sponji pamoja. Eufrasia alipokuwa anazikamua, wazo lililokuwa linamsumbua toka Jumanne lilijipanga.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe arobaini," alisema. "Unakumbuka? Zizini kwetu hukukuta hata ishirini. Wengine walilala Mkula kwa shemeji yake, wengine Kiloleli. Ulipokuja ugonjwa alizika wengi, lakini hakubaki maskini."

"Ng'ombe na furu."

"Umesema mwenyewe hujawaona kwa mtu mwingine. Sasa wote wako chumba kimoja, soketi moja. Ni ufugaji gani huo?"

Januarius alijibu mwezi wa kumi na mbili, wakati majike wawili kati ya wale saba walipotoa watoto na tangi likajaa vitu vidogo kama mbegu za ufuta zenye macho. Alimpigia simu mpwa wake Marcelo, mwalimu wa sekondari anayeishi Mkula, mwenye sola mpya na bwawa dogo la saruji nyuma ya nyumba.

Waliondoka kwenda Mkula na gari la Kristofa asubuhi, mvua ikinyunya. Januarius alikaa mbele. Eufrasia alikaa nyuma na ndoo katikati ya magoti, furu wadogo thelathini ndani, na pampu ndogo ya betri aliyoinunua mwenyewe ikinong'ona. Kila walipopita tuta alifunika ndoo kwa mikono. Kila baada ya kilomita chache alifunua mfuniko akachungulia.

"Waache wapumue," Januarius alisema bila kugeuka.

"Nawaangalia tu."

"Umewaangalia toka Bariadi."

Aliurudisha mfuniko. Walipokaribia Lamadi aliufunua tena.