Siku Mbili Ambazo Hakukaa Kimya

Tangu mtoto wake afariki akiwa na siku tisa, Fundi alikuwa hapiti hata barabara ya kliniki alikojifungulia. Leo alirudi kwa miguu yake mwenyewe, katika gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu dada yake alimwomba aje azungumze na kina mama. Dada huyo ni nesi wa wodi ya wazazi hapo hapo, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Akisema kaa, Fundi anakaa.

"Wewe simulia tu, mdogo wangu, kina mama wajue dalili," alikuwa amemwambia siku chache kabla. "Kuandika niachie mimi, maana wewe na kalamu mmeachana zamani."

Walicheka. Fundi akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, dada akiandika huku anafuta machozi. Karatasi yenyewe alikabidhiwa mlangoni asubuhi hiyo, imechapwa vizuri, na muda wa kuipitia haukuwepo.

Mabenchi yalijaa wajawazito na wenye vichanga. Mbele alikaa daktari mkuu, na pembeni yake dada, kajipamba kweli kweli. Fundi alianza vizuri. Alisoma kwamba maambukizi kwenye damu ya mtoto mchanga hayaji na kelele. Mtoto huacha kunyonya, hulegea, hupumua haraka haraka, mwili huchemka au hupoa, na hata dalili moja ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Sauti haikutetemeka. Akageuza ukurasa.

"Mimi nilikosea," alisoma. "Nilikaa nyumbani siku mbili bila kumwambia mtu..."

Akaacha kusoma. Akaurudia mstari kwa macho. Maneno yalikuwa yale yale.

Bila kumwambia mtu! Jamani! Yeye aliyempigia dada yake simu mara tatu? Mara ya kwanza alisema mtoto hanyonyi, dada akajibu: "Mvivu huyo, kama wewe ulivyokuwa." Ya pili alisema mwili umepoa. "Mvalishe soksi." Ya tatu, siku iliyofuata, alikuwa analia. Dada akamfokea kwamba yuko zamu, kwamba kila mwenye mtoto wa kwanza ana kiherehere hicho hicho, asubiri hadi kesho. Na Fundi akasubiri. Mwaka mzima hakumlaumu. Mwaka mzima alijisemea kwamba binadamu hukosea, hasa akichoka.

Alimtazama. Dada alikuwa ameinamisha uso, anachezea beji yake. Kwa hiyo alijua! Hakuwa amesahau hata neno moja. Kosa Fundi alikwisha kulisamehe, lakini hili halikuwa kosa. Hili mtu alikaa kitako akalichapa.

Mjamzito wa benchi la mbele, mwenye mimba ya leo au kesho, akauliza kwa huruma, "Pole, mama. Kwani hukuwa na mtu wa kumuuliza?"

Dada akanyanyua uso, akatikisa kichwa taratibu, midomo ikisema tafadhali. Fundi akisema, dada anaweza kufukuzwa kazi. Akinyamaza, mama huyu ataondoka akidhani kupiga simu kunatosha.

Akaikunja karatasi.

"Nilikuwa naye," akasema. "Nilimuuliza mara tatu, akaniambia nisubiri. Nilimwamini kwa sababu ni nesi, na kwa sababu ni dada yangu. Wewe usisubiri. Mtoto asiponyonya, mbebe uje naye, hata kama anayekuambia usubiri ndiye aliyekulea. Akifoka, mwache afoke, wewe uko njiani."

Daktari akavua miwani.

"Dada yako nesi?" akauliza. "Nesi wa wapi?"

Fundi alimgeukia dada yake, akangoja ajibu mwenyewe.