Mwalimu Asahihisha Kitabu Chake

Mwalimu alikuwa ameacha ualimu miaka miwili iliyopita, ila ualimu ulikuwa bado haujamtoka. Kila asubuhi alijipangia ratiba: kipindi cha kwanza kuandika, cha pili kuchora, katikati mapumziko ya chai. Majirani walisema amechanganyikiwa, mtu mzima kuacha mshahara akachezee rangi! Aliwaacha waseme. Aliyeyamudu madarasa ya watoto sabini, midomo ya majirani itamfanya nini?

Lakini wiki ile alikuwa hali wala halali. Kitabu chake cha kwanza, hadithi ya bibi anayehama nyumba na kuku wake siku ya mvua, kilikuwa kimerudishwa.

"Mwalimu, hadithi nzuri, picha nzuri, lakini zikikaa pamoja zinabanana," mhariri alimwambia. "Tuachie hadithi, picha tutatafuta mchoraji. Fikiria, tuonane Ijumaa."

Mchoraji mwingine! Mama wa mapacha huambiwa amgawe mmoja?

Jumatano, mumewe, fundi cherehani, aliporudi kutoka kazini na nyuzi bado zimemganda kwenye shati, Mwalimu alimkalisha mezani. Akamfunulia picha, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mvua kubwa ilinyesha. Bibi alilowa chapachapa. Kuku alijificha ndani ya ndoo."

"Mama watoto, macho ninayo," alisema fundi. "Mvua naiona, bibi namwona, kuku huyo hapo kwenye ndoo. Mbona unanisimulia tena?"

"Ili uelewe!"

"Kwani mimi mwanafunzi wako?"

Mwalimu alifura, kisha akaitazama tena picha ile. Miaka ishirini na miwili alisema jambo kwa mdomo, akaliandika ubaoni, kisha akalirudia kwa ajili ya wale wa nyuma. Na kitabuni alifanya yaleyale, ukurasa baada ya ukurasa. Aliona haya, kisha akacheka peke yake.

Akachukua kalamu nyekundu, akajisahihisha bila huruma. Mvua akaikata, kulowa akakukata. Pale bibi anapoaga chumba chake, maneno yalitosha, basi akaitoa picha aliyoihangaikia mwezi mzima. Hiyo ilimuuma kweli. Ukurasa wa kuku aliuachia sentensi moja tu, mpya: "Bibi alisema hana haraka yoyote."

Ijumaa mhariri alisoma kimya, uso mkavu. Alipofika kwenye bibi asiye na haraka, akamwona pichani anatimua mbio, gauni limepandishwa magotini, ndoo kichwani, kuku akichungulia. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Sasa picha hizi nikimpa mtu mwingine azichore, nitaiua hadithi," alisema, akimsogezea fomu.

Fomu ilikuwa na nafasi mbili: mwandishi na mchoraji. Mwalimu alijaza ya kwanza. Moyo ulimjaa fahari, wala hakujisumbua kuificha. Akamtazama mhariri, akangoja mpaka naye amtazame, ndipo akaandika jina lilelile kwenye nafasi ya pili, kwa herufi kubwa zaidi.