Sifuri za Msimu wa Baridi

Kwenye kituo cha kilimo walimtania kwa jina la Mama Sifuri, naye hakukasirika. Miaka ishirini na sita alikagua mitego ya nondo wanaozaa viwavijeshi huko mlimani, na kila msimu wa baridi alirudi na jibu lile lile: hakuna. Sakitu, umande ulioganda, ilitanda alfajiri, udongo ukaganda, na kizazi cha viwavijeshi kikafia humo humo ardhini. Nondo wengine walipanda kutoka bondeni baadaye sana, mahindi yakiwa yameshakomaa.

Mwaka huu goti lilimsumbua, na njia ya mitegoni ni mlima mtupu. Akakaa mezani na chai yake, akajaza fomu: sifuri. Wiki iliyofuata, sifuri tena. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini kwa wiki sita taabu haikupiga hodi. Ndoo ya maji aliyoiacha nje haikuganda hata asubuhi moja, na yeye akashukuru tu kwamba goti litapata nafuu.

Kwa sifuri hizo, mdogo wake wa kiume alipanda shamba zima mapema, mbegu bila dawa. Akawashawishi na majirani: "Dada yangu ndiye anayehesabu. Pandeni bila wasiwasi."

Wiki ya saba Mama Sifuri alijikongoja hadi juu. Mtego wa kwanza ulikuwa mzito mkononi. Alipofungua kifuniko, nondo wa kijivu walikuwa wamejaa hadi mdomoni. Wa juu walipapatika. Wa chini walishaoza, wamekuwa uji mweusi. Akaketi kwenye majani. Hawa hawakupanda kutoka bondeni; ilikuwa mapema mno. Baridi ilishindwa kuwaua, basi.

Kituoni hakurudi. Alishuka moja kwa moja hadi kwa mdogo wake, akamkuta na bomba la dawa mgongoni, ameshika jani lenye matundu.

"Afadhali umekuja, dada. Dawa niliyo nayo ni ya kupuliza mara moja tu. Nondo wameanza kuruka lini?"

Lilikuwa swali la haki. Viwavi wachanga hukaa majanini, dawa huwapata. Wakikua huzama ndani ya mmea, na hapo ni kujisumbua bure.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si unahesabu kila Jumatatu?"

"Sikwenda, mdogo wangu. Goti liliniuma, nikaandika tu."

Alimtazama dada yake usoni, akingoja acheke. Hakucheka. 

"Wiki zote sita?"

"Zote."

Mdogo wake akang'oa mmea mmoja, akaupasua kwa kucha. Kiwavi mnene alijikunja ndani. Akapasua wa pili, wa tano, wa kumi. Kisha akalitua bomba chini taratibu, akaanza kung'oa mstari mzima. Dada mtu akainama amsaidie.

"Acha," alisema bila kumtazama. "Wewe nenda kwa majirani. Mimi niliwaambia wapande. Sasa waambie wewe."

Jirani wa kwanza alikuwa mjane mwenye watoto wanne, aliyechelewa kupanda kwa sababu alilima peke yake. Alimkuta ameinama mwisho wa shamba, akifukia mbegu zake za mwisho. Alipomwona, mjane alijinyoosha, akapangusa udongo mikononi ili amsalimie vizuri.