Damu ya Kulinganishia

Mimi sikwenda kupimwa. Nilimpeleka mume wangu, ambaye siku hizi akitoka kununua sabuni hurudishwa na majirani. Fundi viatu hodari, mikono bado inajua kushona, lakini njia ya nyumbani imempotea.

Daktari, kijana mwenye adabu, akatueleza. Zamani protini zinazoharibika ubongoni zilionekana mtu akishakufa na kupasuliwa. Sasa zinaonekana kwenye damu, hata kabla mtu hajaanza kusahau.

"Mkishaziona, mnazitoa?" nikamuuliza.

Akakohoa. "Bado, mama."

"Sasa mnazichungulia za nini?"

Mume wangu akacheka. "Mzoee tu, daktari. Ulimi wa huyu hauna likizo."

Ndipo daktari akaniomba damu na mimi. Utafiti wao unataka watu wasioumwa wa kulinganisha na wagonjwa, na walio karibu ni sisi tunaowaleta. Nikakunja mkono wa gauni. "Chukua, uone ubongo wenyewe!" Akauliza, likionekana tatizo ningependa kuambiwa? Nikamjibu aniambie tu, mimi si mtoto. Domo langu hili, jamani.

Leo tumeitwa kuchukua majibu. Mume wangu akaombwa asubiri nje kwenye benchi, nami nikajua yake yameharibika.

"Ya mzee tuliyatarajia," daktari akasema. "Ni damu yako, mama."

"Mmechanganya vichupa."

"Na sisi tulidhani hivyo. Tukarudia."

Nikamtukana, Mungu anisamehe, kisha machozi yakanitoka. Sikuwa najililia mimi. Hatukujaliwa mtoto. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemfunga vifungo, ninayezunguka mitaani nikimwita. Nikisahau mimi, nani atamwita?

"Nimebakiwa na muda gani?"

"Kipimo hakisemi, mama."

"Basi kinasema nini?"

Akanisogezea glasi ya maji. Sikuigusa. Nilijipangusa uso kwa upande wa kanga, nikatoka.

Mume wangu akainuka haraka. "Wamesemaje?"

"Wamesema mimi ni mzima."

Akashusha pumzi, akatabasamu kama zamani. "Afadhali. Maana mimi nikipotea, wewe utanitafuta."

Nilitaka kupiga yowe pale pale, mbele za watu. Nikamshika mkono.

"Nitakutafuta," nikamwambia.